Mwanangu alishikwa na degedege kwenye daladala. Wale watu walifanya sawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Wiki iliyopita nilipanda daladala Gongo la Mboto naenda Kariakoo, nimempakata mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa na homa tangu usiku. Tulipokwama kwenye foleni kabla ya Tazara akakakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Nikapiga yowe. Kijana mmoja aliwainua watu wa siti ya nyuma, akamlaza mtoto ubavu, akawa anaangalia saa ya simu. Konda akampigia dereva bodi asogee pembeni. Bodaboda akatukimbiza Amana na hakutaka hela. Lakini kuna mama alitoa kijiko kwenye hotipoti lake, anataka kumtia mtoto mdomoni. Mwingine akasema tusiende hospitali, mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Mwingine anatupiga video. Namshukuru Mungu mtoto sasa anacheza. Naomba kujua, kipi kilikuwa sahihi na kipi hakikuwa? Likitokea tena, au likimpata mtoto wa mwenzangu, nifanyeje? Na yule bodaboda nimshukuruje?
Mama wa Gongo la Mboto

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Umefanya vizuri kuandika mapema, kwa sababu wazazi wengi wakishaona mtoto amerudi kucheza hawataki tena hata kulitaja.

Nianze na yule kijana. Alifanya karibu kila kitu ambacho ningefanya mimi kama ningekuwa kwenye ile daladala. Daktari asiye na dawa mkononi hana ujanja wa ziada: unamlaza mtoto ubavu, unaondoa vya kumuumiza, unatazama saa, unangoja. Sijui alijifunzia wapi, lakini alijifunza vizuri.

Kilichompata mwanao, kwa maelezo yako, ni degedege la homa. Ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 bado mchanga, na homa inapompanda unaweza kupiga shoti kama nyaya za nyumba: chembe zake zinatuma umeme wote kwa mkupuo, na mwili unaruka bila mtoto mwenyewe kujua. Katika nchi nyingi zilikohesabiwa, linawapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100. Mara nyingi linakoma lenyewe kabla ya dakika 5. Likiwa la homa tu, haliachi alama kwenye akili ya mtoto, na wengi mno wa watoto hawa hawapati kifafa baadaye.

Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kulitofautisha na degedege la malaria kali iliyopanda kichwani, au la homa ya uti wa mgongo, au la sukari iliyoshuka. Yote yanaruka namna moja. Ndiyo maana mtoto aliyepata degedege anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama limekoma na amekuchekea. Kwenye mwongozo wanaotumia wahudumu wetu wa afya kwa watoto wa chini ya miaka 5, degedege ni dalili ya hatari, kama ilivyo kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu na kupoteza fahamu.

Kumlaza ubavu kunasaidia hivi. Mtoto anaporuka hamezi mate. Akiwa chali, mate, matapishi, hata uji aliokunywa asubuhi vinarudi kooni na vinaweza kuingia kwenye mapafu. Akiwa ubavu, uso umeinama kidogo kuelekea chini, vinatoka vikaishia kwenye khanga yako. Ukiona midomo inageuka rangi usimtikise wala usimpige makofi. Legeza kola, toa sweta na kofia, acha hewa ipite. Usimbane mikono ili asiruke. Nguvu yako haizimi degedege, na unaweza kumuumiza.

Saa nayo ina sababu yake. Ulipofika hospitali bila shaka uliulizwa limechukua muda gani. Mama akiulizwa hivyo hujibu "muda mrefu sana, daktari", na hasemi uongo, kwake yeye ulikuwa mrefu. Ila kwetu degedege la dakika 2 na la dakika 12 hayatibiwi sawa. Likipita dakika 5 uwezekano wa kukoma lenyewe unapungua na mtoto anahitaji dawa ya kulikata, mara nyingi diazepam, inayopitishwa njia ya haja kubwa au kwenye mshipa. Kijana aliyetazama saa alimfanyia kazi daktari ambaye hata hakumjua.

Sasa kijiko. Watu wanaamini mtoto atameza ulimi. Ulimi haumezwi, umeshikizwa chini ya mdomo. Kinachotokea ukilazimisha kijiko ni fizi kuchanika na jino la utoto kung'oka, na jino lililong'oka likiingia kwenye njia ya hewa umetengeneza dharura ya pili juu ya ile ya kwanza. Wanaotia kidole wanatafunwa, kweli kabisa. Usimpe maji, wala dawa ya homa ya maji, wala kitunguu puani, mpaka ameamka na anameza vizuri. Maji ya baridi kichwani pia hapana. Yanamtetemesha na hayakati chochote.

Lakini usimchukie yule mama. Nimewaona wengi wa aina yake, na karibu kila mara ndiye mwenye huruma kuliko wote waliopo. Shida yake ni kwamba hana kazi. Mtu mwenye huruma asiye na kazi anajitafutia kazi, na iliyopo karibu ni ile aliyoisikia kwa bibi yake. Ukimfokea mnaanza ugomvi juu ya kichwa cha mtoto. Mpe kazi nyingine. "Mama, nishikie mkoba wangu, kuna kadi ya kliniki ndani." "Mama, nizibie jua hapo dirishani kwa mtandio wako." Kijiko kitarudi kwenye hotipoti chenyewe.

Ningependa ulishike hilo kuliko mambo ya kitabibu, kwa sababu ndilo jibu la swali lako la nifanyeje. Wema uliouona hukuuleta wewe, ulikuwepo tayari ndani ya gari. Mtu akiupangia kazi ndipo unapomfaa mtoto. Siku ile kijana aliupanga bila kuombwa. Siku nyingine huenda asiwepo.

Kuna uchunguzi wa zamani wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, uliotoka mwaka 1968, ambao unahusu degedege hasa. Waliwaweka wanafunzi wa New York mmoja mmoja vyumbani, wanazungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja wa wazungumzaji akasikika akishikwa na degedege na kuomba msaada. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, wao hawakujua. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa na roho mbaya. Walionekana wamehangaika, ila kila mmoja alihisi labda mwingine ameshakwenda.

Watu wakisoma hilo husema dunia imeharibika. Mimi sikubali, na sababu mojawapo ni uchunguzi uliofuata mwaka 1969, ndani ya treni za chini ya ardhi za New York hiyo hiyo. Mtu mwenye fimbo ya kutembelea alikuwa anaanguka makusudi mbele ya abiria. Alisaidiwa mara 62 kati ya 65, bila kuomba. Karibuni zaidi watafiti walitazama picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town: katika ugomvi 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliingilia kusaidia. Tofauti na ule wa vyumbani iko wazi. Kwenye treni na mitaani watu wanamwona aliyepatwa na shida na wanaonana wao kwa wao. Na hakuna mahali Dar es Salaam watu wanaonana kama kwenye daladala iliyojaa, magoti kwa magoti, foleni haisogei.

Kwa hiyo usipige yowe la "nisaidieni jamani". Najua ni rahisi kusema nikiwa nimekaa, na ukishindwa ukapiga yowe hakuna atakayekulaumu. Ila yowe linaamsha watu wote na halimtumi yeyote. Mnyooshee mtu mmoja kidole. "Kaka wa fulana ya njano, tazama saa, niambie zikifika dakika tano." "Konda, simamisha, weka hazadi." "Dada, fungua dirisha." Mtu aliyetajwa kwa rangi ya fulana hawezi tena kudhani ameambiwa mwingine. Na kama mtoto ni wa mwenzio, kaa karibu na mama yake umsemee yeye hayo maneno, kwa sababu sauti yake imeshakatika.

Nije kwa aliyesema sindano inaua. Usimcheke. Imani hiyo ni ya zamani Pwani yote, na nina hakika utaisikia tena kwa shangazi au jirani. Wengi wetu tumekulia tukisikia degedege ni la kivuli au shetani, dawa yake ni kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo au mtoto kukojolewa, na hospitali ni baadaye. Fikiria basi mtoto mwenye malaria kali. Anaanza kwa mganga, anafukizwa siku ya kwanza, siku ya pili amelegea, usiku wa manane analetwa hospitali hajitambui. Anachomwa sindano ya dawa ambayo ilipaswa kuanza saa 36 nyuma. Anafariki. Ndugu waliosimama mlangoni wameona nini? Wameona mtoto anaingia anapumua, anachomwa sindano, anatoka amefunikwa. Wamesimulia walichokiona, na hawakudanganya. Kilichomuua ni kuchelewa, lakini kuchelewa hakuonekani kwa macho kama sindano.

Ndiyo maana kubishana naye ndani ya daladala hakufai. Mwambie, "Sawa mama, wakampime tu damu," halafu shuka. Hospitalini watachoma kidole kuangalia malaria, watapima sukari, watatafuta homa inatoka wapi: masikio, koo, kifua, mkojo. Wakiwa na wasiwasi wa homa ya uti wa mgongo, hasa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja au mwenye shingo ngumu au utosi uliovimba, watakuomba ruhusa ya kutoa maji kidogo mgongoni. Kina mama wengi wanakataa hapo wakiogopa mtoto atapooza. Sindano ile inaingia chini ya mahali neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo inapoishia. Kubali.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami nimeliona kwenye barua yako. Mtoto wa degedege hutoa mate, na bado mtu asiye ndugu yake akamshika wako. Mimi nimekua nikiwaona watu wakimkimbia mtu aliyeanguka kituoni, kwa kuogopa povu linaambukiza kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyotengwa kwa hofu hiyo hiyo, hata aliyeangukia motoni watu wakasita kumgusa. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, haliambukizi kifafa. Kwa mtu mzima aliyeanguka mambo ni yale yale: kitu laini chini ya kichwa, ubavu, saa, usimtie kitu mdomoni, na kaa naye mpaka ajue yuko wapi, kwa sababu akiamka atakuwa na aibu na mfuko wake unaweza kuwa umeshapitiwa.

Video. Kama mtu angerekodi sekunde 30 akakupa wewe, ningemshukuru. Daktari akiona ni mkono upi ulianza au kama mwili mzima uliruka sawasawa, anajua mengi. Anayerekodi ili arushe kwenye kundi lake ni habari nyingine. Taarifa za afya na taarifa za mtoto zinalindwa kwa namna ya pekee na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huyu naye mpe kazi: "Ukimaliza nitumie mimi, kisha futa."

Kuhusu bodaboda nina ukakasi kidogo, ingawa nampenda. Mkiwa na hiari chukueni bajaji au gari la mtu, ili mtoto abaki ubavu mapajani na uone uso wake. Pikipiki ni pale ambapo foleni imefunga kabisa, kama siku yenu, na mtu wa pili akae nyuma yako akushikilie. Kwa vyovyote usimfunge mgongoni kwa khanga. Huko nyuma anaweza kutapika au kuanza tena usijue. Na usipite hospitali ya karibu kwa kutafuta iliyo kubwa. Amana, Temeke na Mwananyamala zote zinapokea watoto wa dharura, hata kituo cha afya cha mtaani kinaweza kulikata degedege kabla ya kukupa rufaa. Namba za simu zipo, 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. 115 ni ya mfumo wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa degedege mchana wa foleni, usafiri ulio mbele yako kwa kawaida ndio wa haraka. Wapo wanaoogopa kumbeba mgonjwa wakidhani wataulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Fomu hiyo ni ya majeruhi, wa ajali au waliopigwa. Degedege ni ugonjwa, haina PF3.

Kumshukuru: rudi kijiweni alikokuwa, umweleze mtoto yuko hai. Sisi wa hospitali tunaona mgonjwa anaishia wapi. Mtu aliyekuacha mlangoni akageuza pikipiki hajui, na huenda bado anajiuliza. Hela ukiwa nayo mpe ya mafuta, akikataa usilazimishe. Konda naye ukimkuta kituoni, neno moja tu linamtosha, yule mtoto ni mzima.

Nyumbani sasa. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu waliopata degedege la homa hulipata tena, hasa lililoanza kabla hajafika mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo wako yumo. Dawa ya homa mpe ili apate nafuu ya maumivu. Haina uhakika wa kuzuia degedege, usijilaumu likija licha ya kumpa. Aspirini hapana. Akiwa na homa usisubiri kuche, kapime malaria mapema, na usimfunike mablanketi. Ukirudi kliniki hakikisha tukio hili limeandikwa kwenye kadi yake, pamoja na tarehe na dakika. Kila degedege ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, ila likipita dakika 5, likirudia ndani ya siku hiyo hiyo, likiruka upande mmoja tu, au likija bila homa, wala usikae kuulizana na majirani, nenda papo hapo.

Na kwa kuwa huwezi kuwa naye kila saa, mara nyingine halitampata ukiwepo wewe. Mchukue dada anayekusaidia kazi, au bibi yake mtoto, mpe mdoli au hata mto, akuonyeshe yeye mwenyewe anavyomlaza ubavu na anavyotazama saa. Mwambie wazi habari ya kijiko na ya maji. Namba ya dereva wa bajaji wa mtaani kwenu iwe kwenye simu yake pia.